Kisu Kilichopokewa Mkononi

Mtu huishia wapi, na kitu chake huanzia wapi? Swali hili lilizuka katika mji ambao jua lake lilifika alasiri likachoka, likakaa papo hapo juu ya mapaa, halipandi wala halishuki, na watu wakalizoea kama wanavyomzoea mgeni asiyeaga. Katika mji ule hapakuwa na jana wala kesho. Palikuwa na "kabla hujaja" na "ukishaondoka", na katikati ya hayo mawili watu walioana, walizikana, walipika na kusengenyana, yote chini ya mwanga ule ule wa manjano iliyochuja. Msiniulize walilala lini. Walilala walipochoka, na waliochoka zaidi waliamka wakiwa watu wengine, majirani wakawaamkia kwa majina mapya bila kushangaa sana.

Aliyelileta swali hilo mjini aliitwa Shawali, na hakulileta kwa mdomo. Alilileta kwa mifuko. Kanzu yake ilishonwa mifuko ubavuni, kifuani na kwa ndani, na kila mfuko ulining'inia kwa uzito wa visu vya kukunja, hata akipita njiani watu walimsikia kabla ya kumwona. Nyumbani alikuwa na kabati refu la msaji, droo juu ya droo, na ndani ya kila droo kitambaa cha bafta, na juu ya bafta visu vimelala ubavu, vimekunjwa, vimepakwa mafuta, kila kimoja na mpini wake: wa mpingo, wa pembe, wa shaba, wa mfupa wa ngamia, na vingine vya kitu ambacho hata aliyemuuzia hakukijua.

Asiyeonja ulevi huu atacheka. Na acheke. Mimi nimemtazama Shawali kwa muda mrefu kuliko mlivyomtazama nyinyi, na ninasema hakuwa mwendawazimu. Upanga hujitangaza kiunoni, na kisu cha jikoni ni mtumishi, siku zote kimelowa na kina harufu ya kitunguu. Kisu cha kukunja ni siri. Ni makali yaliyokubali kulala ndani ya mpini wake yenyewe. Kinakaa mfukoni karibu na paja, kinapata joto la mwenyewe, na mwenyewe anasalimiana na watu, anauliza habari za wagonjwa, anabeba jeneza begani, huku akijua peke yake kwamba anaweza. Anaweza nini? Hajui, na hilo ndilo tamu lenyewe. Uwezo ukishatumika unakuwa tendo, na tendo lina mwisho wake na lawama zake, lakini uwezo uliokunjwa hauna anayeulaumu. Shawali alikitoa kisu, akatia ukucha kwenye kijifereji cha bapa, akavuta, na springi ikasema tak. Akakikunja, tak. Akakikunjua tena, mate yakamjaa kinywani. Kwa muda wa mlio ule hakuwa na umri, hakuwa na mke wa kumjibu wala maiti ya kukumbuka. Alikuwa mtu aliyetimia.

Kisha mlio ukaisha. Kisu kikishapata joto la mfuko, kikishakuwa chake kabisa, kilianza kupungua, si uzito bali utamu, kikapungua, kikapungua, mpaka alipokiona cha mwenzake.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Shawali hakupata kukitamani kisu kilichokaa dukani bila mtu. Kile aliona ni yatima. Alitamani kisu kilichokuwa mkononi mwa mtu, kinachokunjuliwa na kidole kisicho chake, na mwenyewe anakitabasamia. Alikuwa na wenzake, watu wazima wenye heshima zao, waliokutana barazani kwa bwana mmoja mnene aitwaye Hafidhi kuonyeshana walichopata. Hafidhi alikuwa na tabia ya kukileta kisu kipya kikiwa kimefunikwa kwa leso, akapiga soga, akaagiza kahawa, akasahau kwa makusudi, halafu akaifunua leso kama anayemfunua bibi harusi.

"Mashallah," Shawali alisema, maana ndivyo inavyopasa kusema. "Mashallah, Hafidhi. Mungu akuzidishie."

Na ndani yake roho ilikuwa inawaka moto. Alitaka Hafidhi azidishiwe, kweli, lakini azidishiwe maradhi. Alikunywa kahawa ya mwenzake huku akiuangalia mpini, akahesabu misumari yake midogo ya shaba, akarudi nyumbani akavitoa visu vyake vyote, akavipanga upya, akavichukia.

Watu hawa walikuwa na sheria yao: kisu cha kabatini hakikati. Kisu kilichokata, hata kama kimekata uzi, walikiita kisu kilichoonja, na kilichoonja hakikurudi kwenye bafta. Lakini ilikuwako sheria nyingine, kubwa, ambayo haikuwa yao peke yao bali ya mji mzima, na mtoto aliijua kabla ya kujua kufunga kifungo. Kisu hakipokewi mkononi. Ukitaka kumpa mtu kisu, unakiweka chini, juu ya jamvi au sinia au kizingiti, unaondoa mkono wako, ndipo mwenzako anapokiokota. Kwingine watu husema ni kuepusha ugomvi. Mjini kwa Shawali walijua sababu kubwa zaidi. Kisu kikiwekwa chini kinamsahau aliyekuwa nacho. Kikitoka mkononi kikaingia mkononi, hakipati nafasi ya kusahau, na kinakuja na kila kilichokuwa kimekishika.

Sasa mfikirieni mke wa mtu huyu. Aliitwa Biubwa. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo na mikono isiyotulia, na aliishi katika nyumba yenye makali mengi kuliko nyumba ya chinjachinja, ambamo hapakuwa na kisu hata kimoja cha kukatia nyanya. Vitunguu alivichana kwa kucha. Muhogo aliuvunja kwenye goti. Samaki alimpasua kwa kifuniko cha kopo la maziwa, na kovu la kifuniko hicho alikuwa nalo kwenye kiganja.

"Nyumba imejaa visu," alimwambia mumewe, "na mimi natafuna kamba ya mzigo kwa meno, kama panya."

"Vile si vya kukatia, mke wangu."

"Vya nini basi?"

Shawali alifikiri, maana si kwamba hakutaka kumjibu. "Vya kuwa navyo," akasema.

Ng'ambo ya njia, mbele kabisa ya dirisha la chumba chenye kabati, alikaa muuza machungwa aitwaye Mkadam, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa na meza, sinia la bati, na kisu. Mteja akija, Mkadam anachukua chungwa la kijani, anaanzia juu, na ganda linashuka kwa utepe mmoja mwembamba usiokatika mpaka linagusa meza. Biubwa akawa anavuka njia kwenda huko. Alibeba muhogo wake, bamia zake, mafungu yake ya mchicha, na Mkadam aliweka kisu kwenye sinia, akaondoa mkono, Biubwa akakiokota, akakatakata mahitaji yake pale pale huku wakizungumza. Akacheka. Kicheko chake kilivuka njia kikaingia dirishani, kikamkuta Shawali amepiga magoti mbele ya droo, kikatoka kama kilivyoingia.

Ilikuwa njaa iliyomtoa Shawali nje. Alikwenda kumtafuta mkewe amwulize chakula, akafika mezani kwa Mkadam, na njaa yenyewe akaisahau, kwa sababu alikiona kile kisu.

Kilikuwa kisu cha kukunja cha kawaida kabisa, cha mti, cha aina ambayo Hafidhi asingeifunulia leso. Lakini mpini ulikuwa umeingia ndani pale kidole gumba kinapokaa, umechimbika bonde dogo linalong'aa kwa jasho. Na bapa lilikuwa limelika kwa kunolewa, likanolewa, likanolewa, mpaka likabaki jembamba kama jani la mchaichai. Shawali alikuwa na visu vya shaba na vya pembe. Hakuwa na kisu ambacho mtu ameingia ndani yake. Akarudi nyumbani bila kula, akavuta droo zote, na vile vyote vilivyolala juu ya bafta akaviona ni maiti zilizopakwa mafuta.

Biubwa alipoingia na chakula, walikaa kwenye mkeka.

"Nilikuona pale kwa Mkadam," alisema Biubwa. "Umesimama kama mlingoti."

"Ndiyo."

"Uliniona nilivyokuwa nacheka?"

"Nilikiona kisu."

"Nimekuuliza kama uliniona mimi."

"Kina bonde mahali pa kidole gumba. Wewe ulikishika, si ulikishika? Ulikishika pale bondeni?"

Biubwa alilirudisha tonge sahanini. "Nilikishika," akasema taratibu. "Kina joto."

Mkewe amekigusa. Mkewe, ambaye hajui pembe wala mpingo, ametia kidole chake pale, akakatia bamia, akakirudisha kwenye sinia bila kujua alichokuwa nacho! Alimwonea kijicho mpaka macho yakamlenga machozi, na Biubwa, alipoyaona machozi yale, alipata tumaini kidogo. Alikosea.

*

Kile. Si hiki, si cha pembe, si cha shaba. Kile.

Ana nini Mkadam? Ana meza. Ana sinia. Hana hata kiatu kizima. Kwa nini awe nacho yeye?

Nikikitaka chake nina kosa gani? Ninavyo vingi. Mwenye vingi ndiye anayejua thamani ya kimoja. Yeye anamenyea machungwa! Anakipitisha kwenye maganda, kwenye utomvu, kwenye mikono ya kila mpita njia, na kila anapokinoa anakipunguza. Anakila kisu changu.

Nimesema changu. Kimeshakuwa changu, ila kipo kwake.

Hafidhi amepita pale. Hafidhi amenunua chungwa. Hafidhi alikitazama? Alikitazama. Mungu wangu, akikipata Hafidhi.

Nitalala. Silali. Jua hilo hapo.

*

Alikwenda kwa Mkadam na kisu cha pembe, akakiweka mezani. Mkadam alikiangalia kwa adabu, akakisifu, akakiacha hapo hapo.

"Sheikh wangu, nikikupa hiki changu nitamenyea nini?"

"Menyea hicho."

"Hicho hakinijui."

Alikwenda na visu vya shaba, akarudi navyo. Alikwenda na droo nzima, ameikumbatia kifuani, kanzu imelowa jasho. Mkadam alimkaribisha kiti, akammenyea chungwa, na Shawali akalila bila kulionja, macho yake yamefuata ncha. Alikonda. Watu wakamshauri apigwe ruqya, asomewe, apate kuvuta pumzi. Hafidhi alimletea uji. Biubwa alikaa kitandani pembeni yake, akamshika mguu, akamwita kwa jina alilokuwa akimwita zamani walipooana, na mumewe akageuka kuelekea dirishani, kule ambako utepe wa ganda ulikuwa unashuka.

Mwisho akakokota miguu mpaka ng'ambo. "Chukua kabati," alisema. "Lote. Na droo zake."

Mkadam aliacha kumenya. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye uso uliotulia, na watu wenye uso kama huo mara nyingi huwa wanazuia kitu. "Kabati lako," alisema, "wallahi sijapata kulionea gere. Lakini kitu kingine chako nimekionea gere tangu kabla hujaja. Usiniulize ni kipi."

"Chukua hicho pia! Chukua unachotaka."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu."

"Nimesema."

Mkadam alikunja kisu, akanyoosha mkono kukiweka kwenye sinia kama inavyopasa. "Basi kiokote."

Hapa ndipo Shawali alipofanya kosa ambalo mtu wa kawaida asingelifanya, na ambalo hata Hafidhi angelifikiria mara mbili. Aliuona mkono wa Mkadam unashuka kuelekea bati. Kikigusa sinia kitasahau! Kitamsahau Mkadam, yatasahaulika machungwa yote, na bonde lile la kidole gumba litakuwa shimo tu kwenye mti. Atakuwa amenunua kipande cha mti kilichobonyea. Yeye hakutaka mti. Alitaka kile kilichokuwa ndani yake, umri wote ule, jasho lote lile, kiwe chake bila ya yeye kulitoa jasho.

"Usikiweke!" akapiga kelele. "Nipe mkononi."

"Bwana Shawali. Unajua unachosema?"

"Mkononi, nakwambia."

Mkadam aliinua macho yake, akaitazama nyumba ya Shawali, mlango wake, dirisha lake, kanga ya Biubwa iliyoanikwa uani. Angeweza kukataa, na mimi siwezi kumsafisha kwa kutokukataa. "Umesema mwenyewe," akasema, na akampa.

Hakukuwa na radi. Kidole gumba cha Shawali kiliteleza kikaingia bondeni, kikatosha. Kilitosha mno. Akatazama chini akaona kidole chenye rangi ya maganda, ukucha uliopasuka, mkono mpana usiokuwa wake. Harufu ya machungwa ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Alipoinua kichwa alimwona Shawali anavuka njia, kanzu yake inalia mifuko, anatembea polepole kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyoitamani tangu zamani. Alitaka kumwita. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mkadam, na jina lililotoka lilikuwa lake mwenyewe, na yule aliyeitwa hakugeuka.

"Mkadam," alisema mteja, "nimenyee moja, hili dogo."

Akalichukua chungwa. Mikono ikafanya kazi bila kumwuliza. Utepe ukashuka, mwembamba, haukukatika.

Na nisiwadanganye: alifurahi. Alifurahi kuliko alivyopata kufurahi katika maisha yale mengine. Ukipata ulichokitamani hujali umekipata ukiwa nani. Kila alipoukaza mkono, kisu kilimpa kitu. Alikumbuka kukata kamba za vitanda na kuchonga mipini ya majembe ambayo hakuichonga. Alikumbuka kupasua sanda ya marehemu mkewe, mke ambaye hakumwoa, kwa sababu mkasi haukuonekana na watu walikuwa wanasubiri. Alilia kidogo kwa msiba wa mtu mwingine, na hata kilio kile kilikuwa kitamu, kwa kuwa sasa kilikuwa chake. Tak, akakikunja. Tak. Utamu haukupungua.

Kisha kisu kikamkumbusha Biubwa.

Hakikumkumbusha mke ambaye Shawali alimjua, yule wa sahani na malalamiko. Kilimkumbusha Biubwa anavyoonekana kwa mtu anayemtazama. Ana kidoa cheusi chini ya sikio. Akila kitu kichachu hufumba jicho moja. Akianza kucheka huweka kiganja kifuani, chenye kovu, kama anayezuia kitu kisidondoke. Akikata mchicha huimba kitu kisichokuwa wimbo. Yote haya Mkadam aliyaona, mchana huu usiokwisha, chungwa baada ya chungwa, na aliyahifadhi mahali ambapo kidole chake kilikuwa kinakaa. Shawali alisimama nyuma ya meza, akahisi kitu kinampanda kutoka tumboni ambacho alikijua vizuri, kwa kuwa alikuwa amekila maisha yake yote kwa ajili ya pembe na shaba. Lakini sasa kilikuwa na meno. Mwanamume mwingine alimwona mke wangu! Alimwona na mimi nilikuwa nimepiga magoti nanusa mafuta.

Akaitazama nyumba. Mlango ulikuwa wazi, na yule aliyekaa katika ngozi ya Shawali alikuwa ametoa droo zote nje. Alikuwa anaviweka visu kizingitini, kimoja baada ya kingine, anaondoa mkono, na watu wa mji wanaviokota. Mama mmoja alikwenda na cha mpingo, akakichomeka kwenye papai. Wachuuzi wa kamba waligawana vya shaba. Cha mfupa wa ngamia alikiona kwa fundi viatu, kinakwangua soli. Kila kimoja kikionja, kilimchoma yeye. Na kutoka uani, kwa mara ya kwanza tangu ile nyumba iwe nyumba, ilisikika sauti ya kisu kikigonga ubao, kitunguu kinakatwa vipande vidogo vidogo, na juu yake kicheko cha kukwaruza. Safari hii kicheko hakikurudi kilikotoka.

*

Biubwa alikuja na kikapu.

"Nipe machungwa, Mkadam. Lakini usimenye."

"Kwa nini nisimenye?"

"Yatamenywa nyumbani. Mume wangu ameanza kujifunza." Alisema "mume wangu" kwa namna ambayo Shawali hakupata kuisikia, akilamba maneno yenyewe.

"Biubwa," akamwita.

Mkono uliokuwa unachagua machungwa ukasimama. Mkadam hakupata hata mara moja kumwita jina lake. Siku zote alimwita shemeji.

"Mimi ni Shawali," akasema. "Nilikipokea mkononi. Nilikitaka kama kilivyo. Biubwa, mimi ndiye mumeo."

Biubwa hakushangaa kama Shawali alivyotarajia. Aliliweka chungwa kikapuni, akajifuta kiganja kwenye kanga. "Nilishuku," alisema. "Yule aliyeko nyumbani ananitazama sana. Nikasema moyoni, huyu si wangu."

Ilimwuma. "Ulikuwa unampenda? Huyu, Mkadam? Ulivyokuwa unakuja hapa na muhogo wako na kucheka, ulikuwa unampenda?"

"Sasa ndiyo unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Ningeweza kuazima kisu kwa jirani yeyote," Biubwa alisema. "Nilikuja hapa kwa kuwa dirisha lako linatazama hapa. Machungwa yenyewe siyapendi, yananiunguza midomo. Nilicheka kwa nguvu ili usikie. Nilitaka uone wivu, Shawali, hata mara moja tu. Nikakuona machozi yamekulenga, nikasema alhamdulillahi. Kumbe unakililia kisu."

"Sasa naona," alisema, na sauti ya Mkadam ikatetemeka kwa niaba yake. "Wallahi naona wivu. Namchukia yule aliyeko ndani. Nachukia kwamba anakusikia. Nakuonea wivu wewe, Biubwa, si kitu kingine. Una kidoa chini ya sikio na mimi sikukijua!"

Biubwa akagusa kidoa chake bila kujijua. Kisha akafanya jambo ambalo lilimgharimu, kwa maana nyumbani alikuwa ameacha mtu anayemmenyea vitunguu na kumtazama, na mwanamke aliyetazamwa hatoki hivi hivi kwenye macho yale. Alikiweka kikapu chini.

"Basi twende," alisema. "Yule nitajua la kumwambia. Uso huo si neno, nitauzoea. Nipe mkono."

Akanyoosha wake wa kulia juu ya machungwa, kiganja juu, kovu la kifuniko cha kopo limelala katikati.

Mkono wa kulia wa Shawali ulikuwa na kisu. Alitaka kuufungua. Nasema alitaka, na anayedhani hakutaka hajapata kushikwa na kitu. Alimtazama mkewe akamwona, akauona uso wote, akajua kwamba hakuna droo itakayowahi kuwa na kitu kama hiki, na kwamba vidole vikifunguka, basi. Vitano tu, vya mkono ambao hata si wake. Alianza na kidole kidogo. Kikafunguka. Cha pili kikafuata. Kidole gumba kilikuwa bondeni, kimekaa kama mtu aliyekaa kwao, na kutoka huko ndani kisu kilikuwa bado kinampa, sanda, kamba, kidoa, wimbo usiokuwa wimbo. Akawaza: kikianguka kitasahau. Akawaza: si kitu, acha kisahau, Biubwa huyu hapa mwenyewe, mzima, ana haja gani na kumbukumbu yake? Alikuwa karibu sana. Halafu, mbali kidogo, akamwona Hafidhi anakuja njiani, mnene, hana haraka, na leso yake mkononi. Na akawaza jambo moja dogo, ambalo hata halikuwa wazo: kikianguka, kitaokotwa.

Vidole viwili vikajifunga tena.

Akanyoosha mkono wa kushoto.

Biubwa aliutazama ule mkono wa kushoto ulioning'inia mbele yake, mtupu, umepanuliwa, unaomba. Hakukasirika. Usoni pake palilegea kitu kilichokuwa kimekazwa kwa muda mrefu.

"Ni wewe kweli," alisema. "Nilikuwa bado nina shaka kidogo."

Akainama akachukua kikapu chake, akavuka njia, na mlango wa nyumba ukafunguliwa kabla hajabisha hodi.